Nazi Isiyouzwa: Maneno kwa Wenye Minazi Juu ya Tui, Mikate na Machicha

Wewe mwenye minazi kumi au ishirini nyuma ya nyumba, fikiri kidogo habari ya nazi zako tangu zilipoanguliwa mara ya mwisho. Mkwezi alipanda, akashusha, akapewa ujira wake. Mnunuzi akaja, akachagua, akahesabu, akaenda zake. Zilizosalia uani ni zile ndogo, zile zilizopasuka, na makoroma yaliyoanguka pamoja na nazi kwa sababu ya haraka ya panga. Hizo ndizo zilizoingia jikoni. Na jioni ile ile mtoto alitumwa dukani kununua mafuta ya kupikia.

Haya si maneno ya kukukataza kuuza. Ada ya shule hailipwi kwa tui. Lakini yafaa ujue thamani ya kitu unachotoa kabla hujakitoa, na hesabu yake si ngumu. Nazi 5 mpaka 7 za mnazi wetu mrefu wa pwani, zikikaushwa vizuri, hutoa kilo moja ya mbata. Basi uliza bei ya kilo ya mbata mahali pako, uigawanye kwa 6. Hiyo ndiyo thamani ya nazi moja mbele ya mnunuzi wa mbata. Kisha uliza bei ya lita moja ya mafuta dukani. Katika nyama ya nazi iliyokomaa karibu theluthi moja ni mafuta, karibu nusu ni maji, na salio ni vitu vingine. Nazi yenye nyama ya gramu 300 ina gramu 100 hivi za mafuta ndani yake. Kwa hiyo nazi 9 huchukua mafuta yanayokaribia lita moja. Ukiona ya kuwa umeuza nazi 9 kwa fedha isiyotosha kununua lita ile, umejua ni ngapi za kuacha nyumbani. Ukiona kinyume chake, uza, wala usione haya. Bei hupanda na kushuka, nawe fanya hesabu hii upya kila mara minazi inapoanguliwa.

Nazi za kuacha nyumbani

Ziache nazi zilizo bora, si zile zilizokataliwa. Tangu karara lipasuke mpaka nazi ikomae ni miezi 11 au 12. Mwezi wa 7 hivi huwa dafu, tamu ya kunywa. Baadaye huwa koroma, ambalo maji yake yamekwisha kupoteza utamu na nyama yake haijashika mafuta. Koroma halifai kwa mnywaji wala kwa mpishi. Tui lake ni maji meupe tu, na mama akipikia wali humlaumu mchele. Mkataze mkwezi wako kukata kole zima kwa ajili ya nazi tatu zilizo tayari. Mwenye kulipa kwa hesabu ya nazi na aseme mapema kuwa makoroma hayahesabiwi. Utaona jinsi macho ya mkwezi yanavyokuwa makali ghafula.

Nazi iliyokomaa huwa nzito, na ukiitikisa husikika maji yakicheza, kwa kuwa yamepungua na kuacha nafasi. Dafu halisikiki, maana limejaa. Nazi kavu ya kahawia isiyosikika kabisa, ama imepasuka na maji yamekwenda, ama imekwisha kuota na ndani mna joya. Joya wape watoto, watafurahi; lakini usitarajie tui jema katika nazi hiyo, kwani mche ule umekula mafuta yako. Kitamli, kile kifupi cha rangi ya manjano au kijani, kipande kwa ajili ya madafu. Kwa tui na mafuta mnazi mrefu haujapata mshindani kwetu, iwe Mafia au Pemba, Tanga au Kilifi.

Zikiwa na makumbi yake, kivulini, mahali pakavu penye upepo, nazi hukaa miezi miwili au mitatu bila kuharibika. Ukizifua zote siku moja unafupisha maisha yake. Fua zile za juma moja tu, nawe unapofua acha kishungi cha makumbi juu ya macho matatu, usikinyoe. Macho ndiyo mlango wa nazi. Ukiyaacha wazi, ukungu huingia kwa njia hiyo.

Kukuna na kukamua

Wapishi wazee wana desturi moja njema ambayo vijana wameanza kuiacha: kila nazi hupasuliwa juu ya bakuli lake, maji yake hunuswa na kuonjwa, nyama yake hutazamwa, ndipo huwekwa pamoja na wenzake. Nazi mbovu harabu ya nzima. Nazi moja yenye harufu ya sabuni katika nne huharibu sufuria nzima, na hapana bizari wala limau litakaloificha.

Ipige nazi katikati kwa mgongo wa panga huku ukiizungusha mkononi. Itafunguka mbili sawa bila kumwaga vipande. Kaa juu ya mbuzi, kuna kwa mkono mwepesi, na uzungushe kifuu toka ukingoni kuelekea ndani. Ukifika kwenye ngozi ya kahawia, acha. Ngozi ile haidhuru, lakini hulitia tui rangi ya vumbi, na kwa vitumbua au mkate mweupe ni aibu ya bure. Nazi moja ya kadiri hutoa vikombe vitatu hivi vya nazi iliyokunwa.

Sasa tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, si zaidi, uikande nazi kwa vidole kama ukandavyo unga, uikamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo tui la kwanza, kasimile. Liweke peke yake. Tia maji tena vikombe viwili, kanda, kamua. Hilo ni tui la pili, jepesi. Maji baridi hayafai sana, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda katika joto la digrii 24 hivi, nayo yakiganda hukataa kutoka. Wakazi wa milimani wanaonunua nazi kutoka pwani wamezoea kuona hayo asubuhi ya baridi. Maji ya kuchemka nayo yataunguza mikono yako bila kuongeza faida.

Kifumbu kioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila siku kinapotumika. Kifumbu kilichotundikwa ukutani na mabaki ya jana ndicho sababu ya tui la leo kuchacha kabla ya adhuhuri. Katika joto la pwani tui bichi halikai. Likamuliwe saa ile ya kupikwa. Likibaki, lichemshwe mara moja.

Kwa nini tui hukatika

Kila mpishi ameliona jambo hili: mchuzi ulikuwa mweupe na laini, mara ukawa maji chini na mafuta juu, na katikati vipande kama maziwa yaliyoganda. Wengine husema ni jicho la mgeni aliyeingia jikoni. Sababu ni nyepesi kuliko hiyo. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyoenea ndani ya maji, na kila tone limevikwa ngozi nyembamba ya protini. Moto ukiwa mkali, protini ile huganda kama ute wa yai, ngozi hupasuka, matone hukutana, na mafuta hupanda juu. Basi pika kwanza vitu vigumu, kama mbaazi, kunde, muhogo, ndizi au samaki, katika tui la pili, ambalo lina mafuta machache. Vikiiva, punguza moto, ndipo utie kasimile, ukichota kwa upawa na kumimina tena bila kuacha mpaka litokote kidogo tu. Kisha ipua. Limau au ukwaju utie mwisho, kwa kuwa ukali wake pia hukata tui.

Kwa wali wa nazi usiogope sana. Mchele huyashika mafuta hata tui likikatika. Yatosha kupima tui jepesi kwa kuivisha na kumalizia kwa kasimile wakati wa kupalia makaa juu ya kifuniko.

Mikate ya nazi

Hapa ndipo nazi inapolipa zaidi, nami nitakaa kidogo. Mkate wa ngano wa dukani hutaka unga ambao hukuulima na mafuta ambayo hukuyakamua. Mikate ya pwani hutaka mchele na nazi. Tena kitumbua huuzika. Mama aliye na kikaango chenye vishimo saba na nazi tatu anaweza kuuza asubuhi, njiani au karibu na shule, na fedha ile ikapita ile ya nazi tatu ambazo hazikupikwa.

Kwa vitumbua, loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi uchuje, uutwange na kuuchekecha, au uusage laini pamoja na tui. Chukua vijiko vitatu vya unga huo, upike uji mzito kwa tui jepesi, uuache upoe. Uji huo ndio unaoshikanisha. Wanaouacha hupata vitumbua vinavyomeguka. Changanya unga, uji, kikombe kimoja na nusu cha kasimile, sukari nusu kikombe au zaidi kidogo, iliki iliyotwangwa, na kijiko kidogo kimoja cha hamira. Piga kwa mkono au mwiko mpaka uone mapovu. Funika, uweke mahali pa joto kwa muda wa saa moja, au zaidi wakati wa kipupwe. Kaanga kwa mafuta machache na moto wa wastani, ukigeuza upande wa pili mara ukingo unapokauka.

Makosa ni mawili, na yote mawili ni ya haraka. La kwanza ni kutia tui la moto. Hamira ni kiumbe hai; tui linaloweza kuchoma kidole chako limekwisha kuiua, nawe utangoja mpaka jioni bila kuona povu. La pili ni kutumainia kuwa unga ulioumuka saa nne utakuwa bora kuliko wa saa moja. Utakuwa mchungu, na vitumbua vitazama katikati kama kofia iliyokaliwa.

Unga ule ule, ukiongezwa sukari na ute wa mayai mawili uliopigwa, ndio mkate wa kumimina. Pasha sufuria nene iliyopakwa mafuta, mimina, uweke juu ya makaa machache. Ukiona matundu yamejitokeza juu na ukingo umeshika, funika kwa kifuniko cha bati na uhamishie makaa mengi juu yake. Moto wa juu ushinde wa chini. Mkate mwingi unaoungua tako na kubaki mbichi kifuani umeokwa kinyume. Makaa ya vifuu yanafaa mno kwa kazi hii, kwa kuwa huwaka kwa ukali, hayana moshi mwingi, nawe hukuyanunua. Baada ya nusu saa hivi choma kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Usiukate ungali moto.

Kwa mahamri chukua vikombe vinne vya unga wa ngano, robo tatu ya kikombe cha sukari, iliki, vijiko vidogo viwili vya hamira, na kasimile kikombe kimoja na robo, ukilitia kidogo kidogo kwa kuwa unga haulingani. Kanda mpaka usishike mikononi. Unga wenye mafuta huumuka polepole, basi vumilia. Kasimile huchukua nafasi ya samli na ya maji kwa pamoja.

Zamani, kabla hamira ya kopo haijafika kila duka, tembo bichi la mnazi liliweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu lina hamira yake ya asili. Huko Sri Lanka tembo ndilo lililozoewa kuumulia mikate yao myembamba ya mchele na tui, ambayo haina tofauti kubwa na vibibi vyetu. Kwa Mwislamu neno hili halina nafasi jikoni, naye atumie hamira. Na mwenye kugemesha akumbuke kwamba karara lililokatwa kwa tembo halitazaa nazi.

Kashata ni nyepesi: kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe viwili vya nazi iliyokunwa ambayo haikukamuliwa, maji kidogo na iliki, koroga motoni mpaka iache ukingo wa sufuria, tandaza kwenye sinia, kata ingali na joto.

Machicha, na hatari yake

Baada ya kukamua hubaki machicha, na nyumba nyingi huyatupa kuku. Si vibaya, kuku huyapenda, ila wasipewe hayo peke yake. Lakini machicha bado yana mafuta na nyuzi, nayo yafaa katika mkate. Yatandaze juani siku ile ile, kwa unene wa kidole, au yakaushe katika sufuria juu ya moto mdogo mpaka yavunjike vidoleni. Yatwange, uyatie sehemu moja kwa sehemu nne za unga wa ngano katika mahamri au chapati. Ukizidisha, mkate hukauka na kumeguka, kwa kuwa machicha hunywa maji mengi.

Sikiliza sana neno hili la siku ile ile. Kule Java watu maskini walikuwa wakichukua machicha, kuyavundika kwa siku mbili, na kuyala kama kitoweo, kiitwacho tempe bongkrek. Mara nyingi kilikuwa salama. Mara nyingine nyumba nzima ilikufa. Wataalamu wa Kiholanzi Mertens na van Veen walichunguza jambo hilo katika miaka ya 1930, wakaona kijidudu kisichoonekana kwa macho ambacho hupenda mafuta ya nazi, na kikistawi hutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, wala chakula hakibadiliki kiasi cha kumwonya mlaji. Serikali ya Indonesia ilipiga marufuku kitoweo hicho mwaka 1988. Wala usiseme Java ni mbali. Mwezi wa Januari 1995 ungelisikia, ungalisahau. Lakini ni Januari 2015 tu ambapo watu 75 walikufa huko Chitima, Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya nafaka, na wachunguzi wakaikuta sumu hiyo hiyo ndani yake.

Basi machicha yaliyolala majimaji usiku kucha, au yaliyofunikwa kwenye chombo na kupata joto, yatupwe. Yasipikwe, yasikaangwe, yasitiwe viungo vya kuficha harufu. Na mbata yenye ukungu wa manjano, kijani au mweusi isirudishwe jikoni kwa sababu mnunuzi ameikataa. Ukungu nao una sumu yake, inayodhuru ini polepole.

Tui si maziwa

Rangi imewadanganya wengi. Tui lina nguvu nyingi kwa sababu ya mafuta, lakini protini yake ni haba, na chokaa ya kujenga mifupa haimo ila kidogo sana. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji wa tui tu atashiba, atanyamaza, hata atanenepa uso, lakini hatakua. Kijiko cha kasimile katika uji wake ni chema. Kiende pamoja na kunde au mbaazi zilizopondwa, au dagaa waliosagwa, au yai.

Mboga za majani ndizo rafiki wa kweli wa nazi. Mchicha, majani ya maboga na kisamvu yana vitamini A, ambayo mwili hauipokei vema pasipo mafuta. Kikombe cha tui katika chungu cha mchicha huifungulia njia. Ila kisamvu kitwangwe sawasawa, kichemshwe kwa muda mrefu na maji yake ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu. Tui litiwe mwisho.

Kwa watu wazima neno ni kiasi. Zaidi ya sehemu 8 katika 10 za mafuta ya nazi ni ya namna ile ambayo waganga wa leo huihofia kwa moyo na mishipa. Aliyeambiwa hospitalini kuwa ana maradhi hayo apakuliwe mchuzi wa tui la pili, na mahamri awaachie wajukuu.

Mafuta ya nyumbani

Ikiwa nazi zimezidi na mnunuzi hakufika, usizingoje ziote. Kamua tui bila maji mengi, liache usiku katika chombo kipana kilichofunikwa, asubuhi uenge mafuta mazito yaliyopanda juu. Yachemshe kwa moto wa wastani, ukikoroga, mpaka maji yote yaishe na mashapo yawe ya rangi ya dhahabu. Sauti ya kuchemka ikinyamaza, ipua mara moja. Ukichelewa mafuta yataungua na kunuka. Usishangae ukipata lita moja tu kwa nazi 15, maana mengine hubaki katika mashapo na machicha. Chuja kwa kitambaa kikavu. Chupa nayo ianikwe juani kwanza hata isibaki tone la maji ndani yake, kwani tone hilo ndilo linalochachisha mafuta, na izibwe baada ya mafuta kupoa kabisa.